Kijiko Kinapoinamishwa: Hotuba kuhusu Namna ya Kuifundisha Jamii Lishe

Hotuba hii niliitoa mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa shule na maofisa lishe waliokusanyika kwa mafunzo ya siku mbili. Wenzetu kadhaa waliokosa nafasi ya kufika wameomba wapate maneno yenyewe, nami nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wahudumu wa afya ya jamii, maofisa lishe, ndugu washiriki nyote:

Nimepewa heshima ya kuzungumza nanyi kuhusu namna ya kuifundisha jamii lishe. Ningeweza kuanza na takwimu, lakini nimeona nianze na mama mmoja ambaye nilimfundisha vibaya, kwa sababu karibu kila ninachokiamini leo kuhusu kazi hii kilianzia kwake.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimemaliza masomo, nikapangiwa kutoa elimu ya lishe katika kliniki ya mama na mtoto. Kila wiki nilisimama mbele ya kina mama na chati kubwa ya makundi ya chakula, nikaeleza, nikauliza maswali, nao wakajibu kwa pamoja. Mama huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Alikaa mbele, hakukosa hata siku moja, na nilipouliza faida ya kila kundi alijibu kabla ya wenzake, neno kwa neno kama nilivyosema mimi. Lakini mtoto wake, aliyekuwa na umri wa miezi 8, hakuwa akiongezeka uzito. Mwezi wa kwanza mstari kwenye kadi yake ulilala. Mwezi wa pili ulilala. Mwezi wa tatu nilimwita pembeni nikamwambia, kwa sauti ambayo hadi leo naijutia, kwamba bila shaka anayoyasema darasani siyo anayoyafanya nyumbani.

Hakunijibu. Aliinama, akamfunika mtoto wake vizuri, akaondoka.

Muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amenisikia. Hakunikemea mbele ya watu. Alimfuata yule mama nje akamwomba kwamba siku ya kliniki inayofuata aje na chakula cha mtoto kama anavyokipika kila siku, asiongeze kitu wala asipunguze. Mama akaja nacho katika bakuli dogo lenye mfuniko. Muuguzi alifunua, akanusa, akauliza kilichochanganywa ndani yake, na kila kitu nilichokuwa nimefundisha kilikuwamo, hakikukosekana hata kimoja. Kisha akachukua kijiko, akachota, akakiinamisha polepole juu ya bakuli. Chakula kilitiririka chote mara moja na kijiko kikabaki kitupu, kinang'aa. Muuguzi hakusema neno. Alimkabidhi mama kijiko, naye akachota, akainamisha, akatazama. Akarudia mara ya pili. Ndipo aliposema kwa sauti ya chini, "Kumbe nampa maji, dada."

Tulipomuuliza kwa upole, alitueleza kwamba mtoto alipaliwa siku za mwanzo alipoanza kupewa chakula, na mama mkwe wake, kwa hofu ya mjukuu, akamwagiza akizimue chakula hadi kiteremke chenyewe kooni. Naye akakizimua kila siku, kwa upendo na kwa utii, akiwa amekwisha kuweka ndani yake makundi yote ya chati yangu.

Ndugu zangu, tumbo la mtoto mdogo linakadiriwa kupokea kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto yule alikuwa na kilo 7. Hesabu hiyo inatupa mililita 210, yaani kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikijaa maji, mtoto ameshiba na wakati huohuo ana njaa. Atageuza uso, na mama atasema, kwa haki kabisa, kwamba mtoto amekataa kula. Chakula cha mtoto wa umri huo kinapaswa kuwa kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika upesi. Hilo ndilo somo alilolihitaji mama yule, na halikuwapo kwenye chati yangu.

Nani basi alikuwa hajui? Yeye aliyajua makundi yote ya chakula. Mimi ndiye niliyekuwa sijui chakula chake kinapikwaje, kwa agizo la nani, na kwa hofu gani. Nilikuwa nimefundisha miezi mitatu bila kuuliza swali hata moja ambalo sikuwa na jibu lake mfukoni.

Na hili ndilo neno nililokuja kulisema leo, nami nitalirudia kwa namna mbalimbali hadi nitakaposhuka jukwaani: anayebadilisha mlo ni yule anayeupika na yule anayeula, wala si yule anayeusomea hotuba. Kazi yetu ni kumsaidia aone kwa macho yake, ajaribu kwa mikono yake na aamue kwa kinywa chake.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni maneno ya huruma tu. Sivyo. Yamepimwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilikabiliwa na upungufu wa nyama na ikataka familia zianze kula sehemu ambazo nyingi zilikuwa zikizikataa, kama vile moyo na figo. Iliundwa Kamati ya Mazoea ya Chakula, ambayo katibu wake mtendaji alikuwa Margaret Mead, mwanaanthropolojia, na mmoja wa watafiti waliofanya kazi nayo alikuwa mwanasaikolojia Kurt Lewin. Lewin alichukua vikundi sita vya akina mama waliojitolea katika Msalaba Mwekundu. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri sana, uliosheheni vitamini, madini, uzalendo na chati, pamoja na maelekezo ya upishi. Vikundi vitatu vingine vilipewa muda uleule, kama dakika 45, lakini badala ya mhadhara waliulizwa: je, mnadhani familia kama zetu zingeweza kula vitu hivi, na nini kinatuzuia? Wakataja wenyewe vizuizi vyao: mume hatakubali, harufu wakati wa kupika, watoto wataweka midomo pembeni. Mtaalamu alijibu pale tu walipomhitaji. Mwishoni waliombwa kuinua mikono, anayeamua kujaribu katika wiki inayofuata.

Walipofuatiliwa, katika vikundi vya mhadhara asilimia 3 tu walikuwa wamepika aina ambayo hawajawahi kuipika kabla. Katika vikundi vilivyojadili na kuamua, ilikuwa asilimia 32.

Naomba tusizipite namba hizo haraka. Muda ni uleule, na lengo ni lilelile. Mhadhara wenyewe haukuwa mbaya. Yawezekana ulikuwa bora kuliko mingi tunayoitoa sisi. Lakini aliyesikiliza akiwa peke yake ndani ya umati alirudi nyumbani peke yake, akakutana na mume, watoto na mazoea yake, yakamshinda. Aliyejadili alirudi akiwa ameshayataja mazoea hayo kwa majina yake, akawasikia wenzake wakiyataja, na akauona mkono wake mwenyewe ukiwa juu mbele ya watu anaowaheshimu. Ni wangapi kati yetu, katika kikao chetu cha mwisho na jamii, tulimaliza kwa kuwaomba watu waamue jambo? Na ni wangapi tulimaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?", tukaitikiwa "Ndiyo", tukafunga chati na kuondoka?

Lewin alituachia pia wazo jingine ambalo nalithamini zaidi ya namba zake. Alisema kwamba chakula hakifiki mezani chenyewe. Hupita katika njia, na kila njia ina mlinda mlango anayeamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Kuna anayeamua kinacholimwa au kununuliwa, kuna anayeshika fedha, kuna anayepika, kuna anayepakua na kuamua nani apate kipande kipi. Mara nyingi hao si mtu mmoja, na mara nyingi sana tunayemfundisha ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote.

Turudi kwa mama yule. Je, angeweza kwenda nyumbani siku ile na kukifanya chakula kizito, ilhali mama mkwe ameagiza kizimuliwe? Muuguzi mkuu alilijua hilo bila kusoma utafiti wowote. Alimwambia, "Safari ijayo njoo na bibi yake mtoto." Bibi akaja, akiwa amenuna kidogo, kwa kuwa alidhani ameitwa kulaumiwa. Muuguzi alimpa kiti, akamuuliza watoto wake mwenyewe aliwaleaje, akamsikiliza kwa muda mrefu ambao mimi niliuona kama unapotea bure. Kisha akamwomba amsaidie kufikiri: tufanye nini ili mtoto asipaliwe na pia ashibe? Bibi ndiye aliyetoa jibu. Alisema, "Mwanangu, hakuna haja ya kukimwagia maji, kipondwe sana, kisiwe na vipande, na mtoto aketishwe wima, alishwe polepole." Ilikuwa sahihi kabisa. Kuanzia siku hiyo mlinda mlango alikuwa mwalimu wetu, na alipokuja tena alikuwa amewafundisha majirani zake wawili. Mstari kwenye kadi ulianza kupanda.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Tunapoita mikutano ya lishe na kuwaalika kina mama wenye watoto wachanga peke yao, bibi hayupo, baba hayupo, dada anayebaki na mtoto mchana hayupo, na kwa hiyo maamuzi yao nayo hayapo. Kisha tunashangaa. Namsihi kila mmoja wetu kabla ya kupanga somo aulize: katika nyumba hizi, nani anashika mwiko, nani anashika fedha, na neno la nani halipingwi? Hao ndio darasa letu.

Sasa niwasimulie kisa cha tatu, ambacho kwangu ni mwalimu mkubwa kuliko vyote.

Mwishoni mwa mwaka 1990 Jerry Sternin na mkewe Monique walifika Vietnam kwa niaba ya shirika la Save the Children. Waliombwa kusaidia kupunguza utapiamlo wa watoto, na wakapewa miezi sita tu kuonyesha matokeo. Fedha zilikuwa kidogo, na walijua kilichokuwa kikitokea mara nyingi: mradi unaleta chakula, watoto wananenepa, mradi unaondoka, watoto wanakonda. Walikwenda katika vijiji vinne vya mkoa wa Thanh Hoa, ambako karibu theluthi mbili ya watoto walikuwa na utapiamlo, na wakafanya jambo ambalo wataalamu wengi hatulifanyi. Waliwaomba wanakijiji wenyewe wawapime watoto wote, kisha wakauliza swali moja: je, kuna mtoto kutoka familia maskini kabisa ambaye hana utapiamlo?

Jibu likawa ndiyo, wapo.

Fikirini uzito wa jibu hilo, ndugu zangu. Maana yake ni kwamba katika kijiji kilekile, kwa umaskini uleule, kuna mtu amekwisha kupata dawa. Wakaenda wakaangalia jikoni kwake. Wakakuta kwamba familia hizo zilikuwa zikiokota vikamba na vikaa wadogo sana katika mashamba ya mpunga na kuwachanganyia watoto chakulani pamoja na majani ya viazi vitamu, vitu ambavyo vilikuwa bure kwa kila mtu lakini viliaminika havifai kwa watoto wadogo. Walikuta pia kwamba familia hizo ziliwalisha watoto mara nyingi zaidi kwa siku, kiasi kidogo kidogo, wakati wengine waliwalisha mara mbili. Walinawa na kuwanawisha mikono. Na mtoto aliyekataa kula hawakumwacha, bali walikaa naye wakimbembeleza.

Hapa ndipo wengi wetu tungekosea. Tungeandika kitabu kizuri cha mbinu hizo na kuitisha mkutano wa kuzitangaza. Wao hawakutangaza. Waliandaa vikao vya kupika kwa siku kadhaa mfululizo, na kiingilio chake kilikuwa kiganja cha vikamba au vikaa na fungu la majani, ambavyo mama alitakiwa kuvitafuta mwenyewe njiani. Kwa hiyo hata kabla hajafika kwenye kikao alikuwa amekwisha kulifanya jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kuokota. Akapika na wenzake, akamlisha mtoto wake, na baada ya siku chache akamwona mtoto amechangamka. Nani angehitaji kumhutubia mama huyo? Utapiamlo ulipungua sana katika vijiji hivyo, na njia hiyo ikaenea katika vijiji vingine vingi na baadaye katika nchi nyingine.

Nawaomba msikichukue kisa hiki kama sifa ya kamba na kaa. Ukipeleka kamba mahali ambapo hakuna mashamba ya mpunga, umekwenda na jibu la wengine kwa swali la wengine. Kinachosafiri ni lile swali: kati yenu mlio sawa kwa hali, nani anafanikiwa, na anafanyaje? Kila mahali jibu lake ni tofauti, na kila mahali mwenye jibu hilo yuko palepale, hajawahi kuulizwa.

Niseme machache kuhusu maneno na picha tunazotumia, kwa kuwa nimeulizwa sana na walimu wa shule. Mwaka 1992 Marekani ilitoa piramidi ya chakula iliyonakiliwa karibu dunia nzima. Ilionekana nadhifu ukutani. Lakini mtu alitakiwa kuhesabu vipimo 6 hadi 11 vya nafaka kwa siku, na hakuna nyumbani anayepakua kwa vipimo. Tena mafuta yote yaliwekwa pamoja kileleni, kana kwamba hakuna tofauti kati ya aina moja na nyingine. Mwaka 2011 piramidi ilistaafishwa, ikaja sahani, ambayo nusu yake ilikuwa mboga na matunda. Nadhani mabadiliko hayo yalikuwa sahihi, na sababu yake ni nyepesi: kila mtu ana sahani mbele yake wakati wa kula, lakini hakuna mwenye piramidi. Tufundishe kwa kipimo ambacho mtu atakuwa nacho mkononi saa ile ya kuamua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 5 ni nini kwa mtu asiye na mizani? Mwambie ni kijiko kimoja cha chai, tena kisijae, kwa siku nzima, ikiwamo chumvi ambayo tayari imo ndani ya vyakula vya viwandani. Kisha mpe kijiko na chumvi, apime mwenyewe anayoitia kwenye sufuria na aigawanye kwa idadi ya walaji. Nimelifanya zoezi hilo mara nyingi, na sijawahi kuona kikundi ambacho hakikunyamaza kimya kwa muda baada ya hesabu.

Na ushauri unapobadilika, tuseme wazi kwamba umebadilika na tueleze kwa nini. Watu husamehe mabadiliko wanayoelezwa. Wasichosamehe ni kugundua wenyewe kwamba mwalimu wao alibadilisha somo kimyakimya.

Jambo jingine ni dogo kwa maneno lakini linaumiza. Tusimfundishe mtu kwa kumwaibisha. Nimewahi kuona mtu mwenye uzito mkubwa akipandishwa kwenye mizani mbele ya foleni, kilo zake zikatajwa kwa sauti, kisha akaambiwa apunguze kula. Hakurudi tena. Shinikizo lake la damu lilikwenda naye nyumbani, bila dawa na bila mshauri. Mama wa mtoto aliyekonda naye huaibishwa kwa namna hiyohiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Aibu humfundisha mtu jambo moja tu, nalo ni kutukwepa.

Ndugu mwenyekiti, nafika sasa kwenye sehemu ambayo ni lazima tuizungumze kwa ujasiri. Kuna mahali ambapo elimu yetu, hata ikiwa bora namna gani, haitamlisha mtu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini mwa Marekani maelfu ya watu waliugua ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ilichubuka, mtu akaharisha, akachanganyikiwa, na wengi wakafa. Iliaminika sana kwamba ni maambukizo. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Aligundua kwamba katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili waliougua ni wale waliotunzwa pale, lakini wafanyakazi waliowagusa kila siku hawakuugua. Alipobadilisha mlo wa yatima, akaongeza maziwa, nyama, mayai na jamii ya kunde, ugonjwa ulitoweka katika vituo hivyo. Kirutubishi chenyewe, niasini, kilikuja kutambuliwa mwaka 1937, miaka minane baada ya Goldberger kufariki.

Lakini yeye hakuishia kwenye mlo. Kuanzia mwaka 1916, pamoja na mwanauchumi Edgar Sydenstricker, alifuatilia kaya katika vijiji vya viwanda vya pamba vya South Carolina, na wakaona kwamba pelagra ilifuata kipato: kadiri kaya ilivyokuwa maskini, ndivyo ugonjwa ulivyoizidi. Watu hao waliishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, kwa sababu ndivyo walivyomudu. Na wakulima waliolima mashamba ya wengine walipanda pamba hadi karibu na milango yao, pasibaki hata mahali pa bustani au pa kufugia ng'ombe. Je, mtu huyo umfundishe nini? Umwambie ale mayai? Kumhubiria mtu chakula asichoweza kukipata ni kumwongezea mzigo wa lawama juu ya mzigo wa njaa. Katika hali hiyo mwalimu wa lishe aliye mwaminifu hubadili hadhira. Huyachukua aliyoyaona jikoni akayapeleka kwa wenye kupanga mishahara, ardhi, bei na chakula cha shuleni, akawafundisha wao.

Kuna mifano inayotia moyo. Uswisi mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani mwaka 1924, walianza kuuza chumvi iliyotiwa madini joto, na ugonjwa wa rovu uliokuwa umezoeleka ukapungua mno. Kazi ya elimu pale ilikuwa kueleza ili watu waipokee chumvi hiyo bila woga; mazoea ya mezani hayakuguswa. Nchini Chile, tangu Juni 2016, vyakula vya viwandani vilivyozidi kiwango cha sukari, sodiamu, mafuta yenye madhara au kalori hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane, na haviruhusiwi kuuzwa shuleni. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anaitambua alama hiyo. Hilo nalo ni somo, tena linatolewa kila siku, mahali uamuzi unapofanyika, bila mwalimu kuwapo.

Na kuna Karelia Kaskazini, nchini Finland, ambako vipengele hivi vyote vilikutana. Wanaume wa huko walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mwaka 1971 wananchi wenyewe, kupitia viongozi wao, waliiandikia serikali ombi la kusaidiwa, na mwaka uliofuata mradi ukaanza chini ya daktari kijana aitwaye Pekka Puska. Hawakubaki hospitalini. Walishirikiana na chama cha kina mama cha Martha, ambacho kiliandaa hafla za jioni vijijini, watu wakapika pamoja vyakula vyao vilevile vya siku zote, ila kwa mafuta kidogo na mboga nyingi zaidi, wakavila na kusema kama vinafaa. Waliwatafuta wanavijiji wenye kuheshimika wakawafanya wajumbe. Wakazungumza na watengenezaji wa soseji na maziwa ili wapunguze mafuta na chumvi. Pamoja na kampeni dhidi ya tumbaku, matokeo yalikuwa kwamba katika miongo iliyofuata vifo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vitokanavyo na maradhi ya moyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nikiulizwa ni mbinu gani ya kufundisha iliyoleta hayo, siwezi kuitenga moja. Naona tu kwamba hakuna mahali katika kisa hicho ambapo mwananchi alikaa kimya akisikiliza.

Kwa hiyo, ndugu washiriki, nitakuwa ninajipinga mwenyewe nikiendelea kusema. Nimewahutubia kwa muda mrefu, na mmesikia wenyewe kwamba mhadhara peke yake una nguvu ya asilimia 3.

Mbele ya kila meza kuna mabakuli mawili yaliyofunikwa na kijiko kimoja. Naomba mfunue, mchote, mwinamishe, kila mmoja kwa mkono wake, kabla mtu yeyote hajaeleza lolote. Kisha kila meza ijadili jambo moja: katika siku saba zijazo tutamwendea mlinda mlango yupi ambaye hatujawahi kumwalika, na tutamuuliza swali gani ambalo hatuna jibu lake? Mkishakubaliana, nitawaomba walioamua wainue mikono, nami nitaandika majina ili tukutane tena baada ya wiki hiyo tuulizane.

Meza ya kwanza, kijiko kiko kwenu.